Dharura ya akili si kliniki ya Alhamisi

Juzi kwa baraza huku Nyakach chifu alitangaza ati huduma za dharura za afya ya akili sasa zimefika mashinani, watu wakapiga makofi, mimi nikauliza jirani zimefika wapi, akaniambia kuna daktari atakuwa anakuja kituo cha afya Alhamisi moja kila mwezi. Nilinyamaza juu ya heshima, lakini hiyo kitu imenikaa kooni, na si chifu peke yake, hata redioni wanaongea hivo hivo.

Kwa ufupi: dharura ya akili ni ile saa mtu amezidiwa kiasi kwamba akiachwa peke yake anaweza kujiumiza, au aumize mwingine, au ashindwe kabisa kujichunga. Ndio hiyo tu.

Sasa neno lenyewe. Dharura tulilitoa kwa Waarabu, kwao ni jambo la lazima, na mzizi wake ndio uliotupa madhara na kudhuru, yaani ndani ya hilo neno kuna kitu kinaumiza sasa hivi na hakingoji. Udhuru pia ni Kiarabu lakini mzizi ni mwingine kabisa, huo ni sababu unayotoa usamehewe, kama vile umekosa mkutano wa chama. Yanasikika kama ndugu na si ndugu. Na huku kwetu kijana akisema hapati usingizi, chakula hakipiti, amechoka na maisha, anajibiwa kama mtu ameleta udhuru: ni uvivu, ni bangi, ni msichana amemwacha, atazoea.

Akizidiwa kabisa ndio tunarukia upande ule mwingine, tunasema ana wazimu. Hilo ni la Kibantu, ni la ukoo mmoja na mzimu, yaani mtu ameingiliwa. Kwa Dholuo ni janeko, Waluhya wanasema mulalu. Angalia vile hayo maneno yanafanya kazi, yanamtaja mtu, na ukishaitwa janeko utazeeka ukiitwa janeko. Dharura haitaji mtu, inataja saa. Kuna mtu ako na ugonjwa wa akili miaka ishirini, anameza dawa, analima, soko ya Sondu anaenda kama wewe, na hana dharura yoyote, na kuna mwalimu hajawahi ugua, amefiwa, deni la sacco limemkaba, Jumamosi saa nane usiku dharura ikampata.

Sasa hiyo ni Jumamosi, na daktari ni wa Alhamisi.

Kliniki siikatai, mtu wa kumeza dawa anaihitaji sana. Lakini jirani yetu mmoja miaka kadhaa nyuma alianza kusema usiku ati hataki kuona asubuhi, gari hakuna, wa boda akaogopa, wakamfunga na kamba ya ng'ombe mpaka kukakucha halafu wakampeleka polisi. Polisi! Na siwalaumu sana, wakati huo kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya (Penal Code) kilikuwa bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jela hadi miaka miwili, Mahakama Kuu ilikuja kukitupa Januari 2025. Hata Katiba kifungu cha 43 inasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura, na haikusema dharura ni ya damu na mifupa peke yake.

Kwa hivyo kusogeza huduma ya dharura ni kuwa na mtu wa kupigia saa hiyo hiyo (1199 ya Red Cross ni ya bure, kama network imekubali), ni mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa kukaa na mtu na kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumpandii hiyo fikra vile watu wanaogopa, ni kliniko ofisa wa karibu mwenye dawa ya kutuliza, na ni gari inayokubali kumpeleka Russia, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi pale Kisumu, kama ni wa kulazwa. Usiku. Na siku ya mvua pia.

Chifu wetu, bila ubaya, makofi tulipiga kwa roho safi na daktari tutampokea vizuri, ila hiyo ya Alhamisi tuiite tu kliniki.