Eti kansa ikiguswa na kisu inasambaa?
Hii ya kwamba uvimbe ukiguswa na kisu ukapata hewa ndo kansa inasambaa tumeisikia tangu utotoni, ila jamani hewa haisambazi kansa. Tatizo ni kuchelewa, mtu anazunguka na mitishamba miezi, anafika hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, ishasambaa, akifa baada ya operesheni basi kisu ndo kinalaumiwa. Kile kinyama kinachokatwa kwenda maabara ndo kinaonyesha ni kansa aina gani. Majibu yakitoka muulize daktari bila woga, iko steji ya ngapi, tiba ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu tu, na kama bado unataka watoto (wengi tunaona aibu hapa) sema kabla ya kemo (dawa za kuua kansa), maana dawa zingine zinaharibu uzazi.