"Mtumiaji amekosea": kauli inayofunga uchunguzi mapema mno

Mama mmoja wa makamo aliketi mbele yetu kwenye chumba cha majaribio, simu mkononi, akijaza fomu ya kuomba huduma mtandaoni. Kazi yetu siku hiyo ilikuwa kukaa kimya na kutazama. Alijaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Mfumo ukamwarifu kwamba ametumiwa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi. Akaiacha fomu, akafungua ujumbe, akazisoma tarakimu kwa kunong'ona, akarudi. Fomu ilikuwa imejifuta. Akaanza upya, yakamkuta yaleyale. Mara ya tatu alitoa kalamu mkobani, na ujumbe ulipochungulia juu ya skrini akaziwahi tarakimu kiganjani kabla hazijapotea, bila kutoka kwenye fomu. Alipofaulu akatugeukia: "Samahanini, wanangu. Simu hizi na mimi hatupatani."

Aliyesumbuliwa ndiye aliyeomba radhi.

Kwenye kumbukumbu za mfumo, majaribio mawili ya kwanza yaliandikwa kwamba mtumiaji hakukamilisha. Tulipofuatilia tukakuta fomu ilitengenezwa na timu moja, huduma ya tarakimu na timu nyingine, na watu wa usalama walikuwa na kanuni yao kwamba mtu akiondoka kwenye ukurasa, taarifa zake zifutwe. Kila timu ilikuwa na sababu nzuri, na kila kipande kilipimwa peke yake kikafanya kazi. Hakuna aliyepewa jukumu la maungio. Kwa uzoefu wangu, teknolojia nyingi zinazowaudhi watu zimevunjika hapo, pale kazi ya mmoja inapokutana na kazi ya mwingine, na anayeachiwa kuunga vipande ni mtu aliyekuja kutafuta huduma.

Kisa cha namna hii kina umri mrefu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilisumbuliwa na marubani wa ndege za B-17 ambao walitua salama kisha wakakunja magurudumu ndege ikiwa bado iko kwenye barabara yake. Ndege inalala kwa tumbo, ripoti inaandikwa: kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikwenda kuangalia ndani ya chumba cha rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya nyuma, vile vinavyoshushwa wakati wa kutua, zimekaa ubavu kwa ubavu na zinafanana. Rubani amechoka, macho yako nje, mkono unapapasa. Dawa yake ilikuwa nyepesi hata inachekesha: kwenye swichi moja akaweka kishikio chenye umbo la gurudumu, kwenye nyingine kishikio chenye umbo la kibawa. Mkono ukaweza kujua bila kuuliza macho. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 460 vilivyokuwa vikiitwa makosa ya rubani, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la kuchanganya kidhibiti kimoja na kingine. Mpaka leo kanuni za Marekani kwa ndege kubwa za abiria zinataka kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu.

Lakini B-17 ni mfano rahisi: mtu mmoja, mkono mmoja, swichi mbili. Mambo yanapokuwa changamani, kubadilisha kishikio hakutoshi.

Jioni ya tarehe 8 Januari 1989 ndege ya Boeing 737-400 iliyotoka London kwenda Belfast ilianza kutetemeka huku moshi ukiingia ndani. Bapa moja la feni ya injini ya kushoto lilikuwa limevunjika. Marubani wakazima injini ya kulia. Mtetemo ukapungua, wakaamini wamepatia. Kipimo cha mtetemo kilikuwepo mbele yao na kilikuwa kinasema kweli, lakini kilikuwa kidogo, na ndege ya aina ile ilikuwa mpya kiasi kwamba hawakuwa wamepata mazoezi yake kwenye kifaa cha kuigiza safari. Sasa sikiliza sehemu ambayo mimi hainitoki akilini. Rubani alitangaza kwa abiria kwamba tatizo lilikuwa injini ya kulia. Huko nyuma walikuwepo abiria na wahudumu walioona kwa macho yao moto na cheche vikitoka kushoto. Baadhi ya abiria walishangaa, kisha wakanyamaza. Nani atamsahihisha rubani? Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza, ikikaribia kutua. Kati ya watu 126 waliokuwemo, 47 walikufa.

Habari sahihi ilikuwemo ndani ya ndege ile, mara mbili: kwenye kipimo kidogo na kwenye macho ya watu. Haikuwa na njia ya kufika kwa mwenye uamuzi. Ndiyo maana mtu akiniambia msanifu wa mifumo ni fundi wa rangi na vitufe, huwa namuuliza: njia ya kutoka kiti cha nyuma hadi kwa rubani ni kazi ya nani? Skrini ni sehemu tu ya anayoyapitia mtu. Yamo pia mafunzo, cheo, woga, kelele na saa ya usiku. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-210, kinachohusu usanifu unaomweka mtumiaji mbele, kinadai hivyo hivyo kwa lugha yake kavu: waelewe watumiaji, kazi zao na mazingira yao, washirikishe tangu mwanzo hadi mwisho, na usanifu uguse uzoefu wao mzima. Taasisi nyingi hukishika kipengele cha majaribio na kuviruka vingine, kwa sababu majaribio yana tarehe na yanapigiwa picha.

Kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Msanifu aliyewahi kukaa usiku mmoja kwenye wadi ya wagonjwa mahututi hatatengeneza king'ora kwa namna ileile tena. Pampu ya dawa inalia, kipima moyo kinalia, mashine ya kupumulia inalia, na kila mtengenezaji amehakikisha king'ora chake kinasikika kuliko vyote. Muuguzi mzoefu hujifunza kuvipuuza, maana asipovipuuza hatafanya kazi. Halafu siku moja kile alichopuuza kinakuwa cha kweli.

Mashine zinazojiendesha zina mtego wao. Mwaka 1983 mtafiti Lisanne Bainbridge alieleza jambo ambalo wauzaji wa mifumo mpaka leo hawapendi kulisikia: ukiikabidhi mashine kazi rahisi za kila siku, unamwachia binadamu zile ngumu zisizotabirika, na wakati huohuo umemnyima mazoezi ambayo yangemwezesha kuzimudu. Anayebakizwa kwa ajili ya dharura anazubaa kwa miezi, kisha anatakiwa awe hodari ndani ya sekunde.

Kuna swali moja ninalolipenda kuliko yote ninapokagua mfumo mpya: mtu akibonyeza pasipo, anarudije? Asubuhi ya tarehe 13 Januari 2018, simu za watu wa Hawaii zilipokea tahadhari kwamba kombora linakuja, wakimbilie mahali pa usalama, na kwamba hilo si zoezi. Mfanyakazi wa idara ya dharura alikuwa amechukulia zoezi kuwa tukio la kweli. Zilipita dakika 38 kabla ya simu zilezile kupokea ujumbe wa kukanusha. Kutuma kuliandaliwa vizuri: maneno yapo tayari, unachagua, unathibitisha, umemaliza. Kwa upande wa kukanusha hakukuwa na ujumbe ulioandaliwa wala utaratibu wa kufuata. Waliojenga mfumo ule walifikiria sana kombora, ila hawakumfikiria mwenzao.

Turudi kwenye fomu yetu. Marekebisho hayakuwa makubwa. Sasa fomu inatunza kilichojazwa kwa robo saa hata mtu akitoka, na tarakimu zikifika zinaingia zenyewe kwenye kisanduku chake. Watu wa usalama walikubali baada ya kumtazama mama yule kwenye video. Maelezo yetu ya kurasa kumi na mbili yalikuwa yamekaa kwao muda mrefu bila kufunguliwa.

Tulidhani tumemaliza. Wiki iliyofuata akaja mzee wa kujaribu toleo jipya, akajaza bila shida mpaka kwenye tarakimu, kisha akaketi kimya. Tukangoja. Namba aliyosajili ilikuwa ya binti yake, na binti alikuwa kazini, simu kaifungia kabatini mpaka saa kumi na moja jioni. Mzee akauliza kama anaweza kusubiri hapohapo. Tulimletea kiti kizuri zaidi. Robo saa ikapita, fomu ikajifuta.