Stauti kali ya majira ya baridi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Septemba ikiingia Uingereza, wapika bia wa nyumbani huanza kuandaa stauti ya kunywewa Desemba, ile bia nyeusi nzito ambayo viwanda vya London viliisafirisha hadi Urusi tangu karne ya 18. Mengi yanayosemwa kuihusu si kweli, na baadhi ni ya hatari.

Wengi huamini kuwa weusi ndio ukali. Sivyo. Weusi hutokana na kimea cha shayiri kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi tititi, na mara nyingi hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya nafaka yote. Guinness inayomiminwa kwenye baa za huko ina kilevi cha asilimia 4 na kidogo. Duvel ya Ubelgiji, yenye rangi ya dhahabu, ina asilimia 8.5.

“Ukitaka kali, ongeza sukari.” Kilevi kitapanda kweli, lakini sukari ikizidi, bia huwa nyepesi mdomoni. Stauti kali hutaka kimea kingi: lita 20 zinaweza kumeza kilo 8. Na pakiti moja ya hamira ya gramu 11 haitoshi, tia mbili.

“Mapovu yamekoma, jaza chupa.” Hili ndilo ninaloliogopa zaidi. Nyumba ikipoa hadi nyuzi 12 usiku, hamira iliyozoea 18 hadi 20 hulala kabla sukari haijaisha. Bia huonekana imetulia. Ukiifungia chupani kisha ukaipeleka jikoni penye joto, hamira huamka, gesi hujaa, chupa hupasuka na vipande vya kioo huruka. Usiamini mapovu, pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na maji (1.000), uzito ambao hupungua kadiri hamira inavyokula sukari. Bia iliyoanzia 1.090 hushuka hadi karibu 1.024. Ikisoma vilevile siku 3 mfululizo, pipa likiwa penye joto, ndipo imekwisha. Ikikwama 1.040, sogeza pipa penye joto na ulizungushe taratibu bila kulifunua, kwani hewa ikiingia wakati huu huiharibu ladha. Hewa hutakiwa siku ya kutia hamira tu.

“Pombe ya nyumbani hupofusha.” Hofu hii ina sababu: Afrika Mashariki watu wamepofuka na kufa kwa gongo na chang'aa zilizotiwa methanoli. Bia ni jambo jingine. Ikishachacha haichemshwi ili kukusanya mvuke wake, na shayiri inapochacha hutoa methanoli kidogo mno isiyodhuru. Uingereza iliondoa sharti la kuwa na leseni ya kupika bia ya kunywa nyumbani mwaka 1963.

Tena, stauti haipashi mwili joto. Kilevi hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Unahisi joto, kumbe ndilo linalokutoka. Anayeingia kwenye theluji baada ya glasi mbili avae koti, kofia na glavu, hata akijiona hazihitaji.