Kugawa Mtandao wa Kompyuta: Anza na Kundi Kubwa

Chukua mfano wa hoteli ya Arusha inayopokea watalii wa Serengeti na Kilimanjaro, ambamo simu za wageni, kompyuta za mapokezi na za uhasibu, pamoja na kamera za ulinzi, vyote vimo katika mtandao mmoja wa 192.168.10.0. Kifaa kimoja kikiuliza mwenzake yuko wapi, swali hilo huvifikia vifaa vyote, na mgeni mwenye ujuzi kidogo anaweza kuijaribu kompyuta ya mhasibu moja kwa moja. Hali hiyo ni ya hatari, na hatua ya kwanza ya kuirekebisha ni kuugawa mtandao huo katika mitandao midogo.

Anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, katika toleo la nne ina biti 32 (tarakimu za 0 au 1), zinazoandikwa kwa namba nne kati ya 0 na 255. Biti za mwanzo hutambulisha mtandao na zilizobaki hutambulisha kifaa; maski, namba inayoambatana na anwani, ndiyo inayoonyesha mpaka kati ya sehemu hizo mbili. Maski ya 255.255.255.0, yaani /24 kwa kuwa biti 24 za mwanzo ni za mtandao, huacha biti nane za vifaa, ambazo hutoa anwani 256. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote, kwa hiyo vifaa hubakiwa na 254. Kila biti inayohamishiwa upande wa mtandao hupunguza nafasi kwa nusu.

Wageni, ambao ndio wengi, wapewe /25, ambayo namba ya mwisho ya anwani zake huanzia 0 hadi 127, yenye nafasi za vifaa 126. Mapokezi na ofisi wapate /26, kuanzia 128 hadi 191, yenye nafasi 62. Uhasibu uchukue 192 hadi 223 na kamera 224 hadi 255, kila kundi kwa /27 yenye nafasi 30. Anayeanza na makundi madogo bila mpango hujikuta na mabaki yaliyotawanyika yasiyoweza kuunganishwa.

Kosa linalosumbua sana ni kusahau maski ya kifaa kilichowekewa anwani kwa mkono. Printa ya mapokezi yenye 192.168.10.130, ikibaki na /24, itaidhania kompyuta ya uhasibu yenye 192.168.10.200 kuwa jirani yake, itaitafuta humohumo badala ya kupitia kwenye ruta, kifaa kinachounganisha mitandao, na jibu halitafika. Mhasibu ataona printa imeharibika, kumbe ni nzima.

Hata hivyo, kugawa anwani peke yake hakumzuii mgeni. Ruta huendelea kupitisha mawasiliano kati ya mitandao hiyo mpaka iwekewe kanuni za kuzuia, na swichi, kifaa ambacho nyaya za vifaa huchomekwa, nayo lazima itenganishe milango (matundu ya nyaya) ya kila kundi, la sivyo mgeni anayejiandikia anwani ya uhasibu ataingia humo.