Sukari guru jikoni: maswali na majibu

Sukari guru ina tofauti gani na sukari nyeupe?

Zote mbili zinaweza kutoka kwenye muwa uleule. Kwa sukari guru, maji ya miwa huchemshwa kwenye karai pana, povu na takataka zikienguliwa, mpaka yawe mazito. Kisha humiminwa kwenye vyombo yagande. Kuna pia inayotokana na utomvu wa aina fulani za minazi na mitende. Sukari nyeupe huendelea mbele zaidi: chembe za sukari hutenganishwa na molasi, yaani ule uji mzito wa kahawia, halafu husafishwa mpaka ibaki karibu sukrosi tupu, ambayo ndiyo sukari yenyewe ya muwa. Kwenye sukari guru ile molasi haiondolewi. Rangi ya kahawia, harufu nzito na ule uchachu kwa mbali vinatoka humo.

Nina kisukari. Nimeambiwa hii naweza kula bila wasiwasi kwa kuwa ni ya asili. Ni kweli?

Si kweli, na naomba jibu hili umsomee na yule aliyekuambia. Sehemu kubwa ya sukari guru ni sukrosi ileile, pamoja na glukosi na fruktosi kidogo, maji na madini. Gramu 100 zina takriban kalori 380, karibu sawa na sukari nyeupe. Haina nyuzinyuzi za maana za kuchelewesha sukari kuingia kwenye damu, kwa hiyo kipimo chako kitapanda vilevile. Wanaoumia ni wale wanaoacha kijiko kimoja cha sukari nyeupe wakaanza kutia vitatu vya sukari guru kwa moyo mweupe, wakiamini wamejitibu. Kama unaitumia, ihesabu kama sukari, na zungumza na anayekuhudumia kliniki kabla ya kubadilisha chochote.

Lakini si inaongeza damu?

Ina madini ya chuma, hilo halina ubishi, ila kiasi hutofautiana sana kulingana na udongo, miwa na hata karai lililotumika. Tuchukulie sukari guru nzuri yenye miligramu 10 za chuma kwa kila gramu 100. Kijiko cha chai, yaani gramu 5 hivi, kitakupa nusu miligramu. Mwanamke anayepata hedhi anashauriwa kupata takriban miligramu 18 kwa siku, na mjamzito 27. Piga hesabu uone ni vijiko vingapi! Tena chuma cha mimea hufyonzwa kidogo, na chai hukizuia zaidi. Mwenye upungufu wa damu apimwe, ameze dawa alizoandikiwa, na ale maharage, mboga za majani, na nyama akiweza, pamoja na matunda yenye vitamini C.

Kwa siku nisizidishe kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, asali na sukari ya juisi vikijumlishwa, visifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Ikishuka chini ya 25, yaani vijiko sita hivi vya chai, ni bora zaidi. Sukari guru imo ndani ya hesabu hiyo.

Nikiiweka kwenye chai ya maziwa, maziwa yanakatika. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa ni moto. Sukari guru ina asidi kidogo, na asidi ikikutana na maziwa yanayochemka, protini hugandamana. Ndiyo yale madonge unayoyaona yakielea. Chemsha chai na maziwa kwanza, epua, acha mvuke mkali upungue, ndipo utie sukari guru iliyopondwa na ukoroge taratibu. Usirudishe jikoni.

Kwa keki au uji, napendelea kuiyeyusha kwanza kwa maji kidogo juu ya moto mdogo, kisha kuichuja. Tazama chujio baada ya hapo: mara nyingi utakuta mchanga na vipande vya ganda la muwa ambavyo vingeishia mdomoni. Kwenye keki, punguza maji au maziwa ya kwenye kipimo na ushushe moto kidogo, kwa kuwa huwahi kuwa kahawia kabla ndani hakujaiva. Na kwa sababu ladha yake imejaa, jaribu robo pungufu ya sukari uliyozoea. Hapo ndipo ninapoona faida yake kwa afya.

Nichague ya rangi gani?

Usivutwe na ile ya manjano inayong'aa. Baadhi ya watengenezaji huongeza kemikali zenye salfa ili rangi ipauke, na salfa hizo zinaweza kumbana kifua mwenye pumu. Iliyokoza haikupi uhakika kamili, lakini mimi huanzia hapo. Ihifadhi kwenye chombo kinachofungwa kabisa, maana hunyonya unyevu. Ikiota ukungu au kunuka pombe, tupa yote.

Mtoto wa miezi minane nimtilie kwenye uji?

Hapana. Kabla ya miaka miwili hahitaji sukari ya kuongezwa ya aina yoyote. Mpondee ndizi mbivu ndani ya uji.