Kukarabati turbo si kupandisha turbo

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, na injini ndogo ikavuta kama kubwa. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza fikra hiyo mwaka 1905.

Kwenye gereji zetu za Mombasa watu huyachanganya maneno mawili. Kukarabati ni kuirudisha turbo ile ile katika hali yake: beringi mpya, sili mpya, na feni mpya iwapo mapanga yameliwa. Kupandisha ni kuweka feni kubwa zaidi, au turbo nyingine kabisa, ili injini ipate hewa zaidi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Mwenye gari asipojua anataka lipi, atalipia yote mawili.

Lakini kabla ya lolote, fahamu oili. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Turbo nyingi za kawaida hazina beringi za gololi. Shafti yao inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika kidogo tu, chuma kinasaga chuma.

Chukua safari ya Nairobi. Umepanda Mazeras mguu umekanyaga, ukafika Mariakani, ukazima injini pale pale ununue maji. Turbo bado ni moto mkali na oili imeacha kupita. Ile iliyobaki ndani inaungua na kugandamana, nyeusi na ngumu kama sukari iliyoshika chini ya sufuria ya halua. Dakika moja au mbili za kuiacha injini ingurume bila kukanyaga zingetosha kuipoza.

Ndiyo maana fundi mzuri hulaumu turbo mwisho. Kwanza hufungua mrija unaoleta oili, kwa kuwa baadhi ya magari yana kichujio kidogo mle kinachoziba. Kisha hukagua mrija wa kurudisha, ambao lazima uteremke moja kwa moja. Ukiziba, oili hupenya kwenye sili, na moshi wa buluu huonekana nyuma hata kama sili ni mpya. Gundi ya silikoni pia isipakwe kwenye viungo vya oili. Vipande vyake humeguka na kwenda kuziba. Ukibadilisha turbo ukaacha mirija michafu, utarudi gereji na kilio kile kile.

Kipimo cha mkono ni rahisi. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili, itikise kando: mchezo kidogo, yaani kulegalega, ni wa kawaida, maana oili haipo. Ivute na kuisukuma kwa urefu wake: hapo usisikie mchezo. Mapanga ya feni yakigusa nyumba yake, yaani ganda linaloizunguka, turbo hiyo imekwisha kazi.

Kabla ya kufungua, fundi huweka alama kwenye nati, feni na shafti ili kila kitu kirudi mkao wake. Alama hizo hazitoshi ukiweka feni mpya. Hapo inahitajika mashine ya kusawazisha mzunguko, na mimi nisingekubali kuikosa kwa kitu kinachozunguka kasi hiyo.

Kupandisha kuna deni lake. Feni kubwa inataka moshi mwingi ndiyo iamke, kwa hiyo kwenye foleni ya feri ya Likoni utakanyaga na kusubiri. Hewa iliyoongezeka inadai petroli zaidi: nozeli, pampu, na kompyuta ya gari ipangwe upya. Bila hivyo mchanganyiko unakuwa na petroli chache, injini inagonga, na pistoni zinatoboka. Joto la pwani nalo linaongeza shida, kwa sababu hewa ikishindiliwa huzidi kuwa moto. Kipoza hewa kidogo cha kiwandani hakitamudu.

Siku ya kufunga, mimina oili safi kwenye tundu la turbo na uzungushe shafti kwa mkono. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka oili ionekane ikitoka upande wa kurudi, kisha unganisha mrija wake. Fyuzi irudishwe baada ya hapo.