Je, wajua kwa nini muuza kahawa hugonganisha vikombe?

Jioni ikiingia Mikindani, muuza kahawa hukatiza vichochoroni. Mkono mmoja una birika lenye jiko la mkaa chini yake, wa pili una vikombe viwili vitatu vinavyolia ka-ka-ka, kimya, ka-ka-ka. Hana spika wala bango, na haiti mtu. Waliokaa barazani wanajua anatokea upande gani kabla hawajamwona.

Jibu la haraka, ambalo hata sisi tuliwahi kulimeza, ni kwamba sauti nyembamba hufika mbali. Ni kinyume chake. Ngoma ya unyago husikika kijiji cha pili. Vikombe havivuki mitaa mingi. Mlio mzito wa mitetemo 100 kwa sekunde una wimbi la urefu wa mita 3 na nusu hivi. Mlio mwembamba wa mitetemo 3,500 una wimbi la sentimita 10 tu. Tazama bahari: wimbi kubwa huuzunguka mtumbwi uliotia nanga likaendelea na safari kama halikukutana na kitu, ila vijiwimbi vya upepo huishia ubavuni, na upande wa pili maji yanabaki shwari. Kona ya nyumba ndiyo mtumbwi wenyewe. Ngoma huizunguka, mlio wa vikombe kwa sehemu kubwa hukatwa hapo.

Basi tangazo hili lina mpaka, na mpaka huo una faida. Ukiusikia mlio ukiwa mkali, muuzaji yuko karibu kiasi cha kuitwa. Anayesikia kutoka mtaa wa nne hatatoka kwake kwa ajili ya kikombe kimoja na kashata.

Kwa nini basi bodaboda haiufuniki? Muungurumo wa injini una nguvu zaidi kwenye sauti nzito. Vikombe hulia juu yake, mahali penye nafasi. Isitoshe, tundu la sikio, lenye kina cha sentimita 2.5 hivi, hukuza milio ya karibu mitetemo 3,000, kama chupa tupu inavyovuma ukiipuliza mdomoni.

Upande anaotokea hutambulika kwa sababu kila mgongano huanza ghafla. Sikio la karibu huupata kwanza, la pili baada ya muda usiozidi elfu moja ya sekunde, tena hafifu kwa kuwa kichwa kimeukinga. Kuta za mawe za Mikindani huurudisha mwangwi, lakini ubongo huamini zaidi sauti iliyotangulia. Hakuna haja ya kudhani kwamba mtu alikaa akayapima haya. Vikombe vilikuwa mkononi tayari, na desturi hii ipo hadi nchi za Kiarabu, ambako neno kahawa lenyewe limetoka.

Ufundi uko kwenye kushika. Kikombe hubanwa kitakoni kwa ncha za vidole, ukingo ukaachwa huru. Kikikumbatiwa kiganjani, nyama ya mkono humeza mtetemo na kinachotoka ni pu. Maji ya kusuuzia yakibaki ndani, mlio hushuka. Cha plastiki hakifai kabisa. Chenye ufa hukwaruza badala ya kulia, kwa sababu kingo za ufa husuguana na kuuua mtetemo. Na hicho, hata kama bado hakijaanza kuvuja, mteja asipewe.